Tupeane uzoefu: moto ya inje mu lupango (kiwanja ya nyumba) bila kuua majani (Goma, Bukavu, L'shi yaani Lubumbashi)

Mwana Himbi (ameanzisha)
Bandugu jambo kwenu bote. Nianze na aibu yangu ili nanyi musiogope kusema yenu. Mwezi wa sita tulipokea bageni ba dote (mahari) ya dada yangu mdogo, jioni baridi ya ziwa ikaanza kupanda, shemeji akasema tuwashe moto inje batu bakae bauzunguke. Tukaokota mawe ya volkano nyuma ya lupango, tukapanga duara katikati ya majani, kuni juu, na petroli kidogo (najua, najua, musinitukane). Siku mbili kabla mvua ilikuwa imenyesha, ya ajabu kwa mwezi wa sita lakini ilinyesha. Nusu saa hivi tukasikia PA! kipande ya jiwe ikaruka ikaingia mu sahani ya sombe ya muzee mmoja wa upande wa bwana. Muzee akaitoa na kijiko, akaiangalia, akaiweka pembeni, akaendelea kula. Mama mdogo alipata tundu mu kikwembe (kitenge) yake mupya, ule njo hajasamehe mpaka leo.

Asubui nikakuta duara nyeusi ya mita moja na nusu. Miezi tatu sasa hakuna ata kijani kimoja kimeota. Na mwenye anaishi huku anajua majani ya Goma ni faranga, chini ni lave tupu, bulongo (udongo) tulinunua ya kamio, sentimita kumi na tano tu juu ya mawe, na ile njo nimechoma. Mwenye alishafanya vizuri atuambie, na mwenye aliharibu pia.

Fundi Katindo
Pole yaya. Jiwe ya volkano haina kosa, kosa ni maji. Ile matundu yake inakunywa mvua, sasa ukiipiga moto ya gafla maji inageuka mvuke na haina pa kutokea, njo inapasuka. Mawe ya kutoa ndani ya ziwa ni mbaya kuliko, zile usijaribu. Mimi ya volkano nayaweka chini ya mabati mwezi mzima yakauke, kisha mara ya kwanza nawasha moto kadogo tu, batu bakae mbali. Na musifikiri sima ni kimbilio, mukubwa yangu aliwasha juu ya terasi ya beto, ilibanduka vipande kama maganda ya yai. Petroli sisemi kitu, umeshajua.

Birere ni kwetu
Kwani humu muko batajiri? Kwetu lupango ni mlango na dirisha, majani tunaona ku kalenda 😂 Naketi hapa nasoma tu.

Janti 14
Mie nilienda kwa sudere (fundi wa kuchomelea vyuma) na janti (rimu ya gurudumu) ya kamio, akaniwekea miguu tatu ya ferabeto (nondo), urefu mpaka mu goti. Nikajiona nimemaliza kazi. Nikaweka juu ya pasparum (ile majani ya kupanda mu lupango) moja kwa moja, tukaota moto masaa ine, asubui majani yamegeuka manjano, duara kamili kama mtu alichora na kompa. Kumbe moto haiendi juu tu, chini ya janti pia inashuka na makala (makaa) ndogo zinaanguka kwa yale matundu. Sasa nafanya hivi: naweka musanga kwanza, unene wa vidole ine, juu yake matofali zimelala zikigusana, juu ya matofali kipande ya toli (bati), njo janti. Mbele ya kuwasha namwagia majani ya pembeni maji mengi. Usiku ukiisha na yote imepoa natoa vyote siku ile ile, ju ukiacha matofali pale wiki nzima majani inakufa tu hata bila moto, kwa kukosa jua. Hiyo nilijifunza kwa hasara ya pili.

Mjukuu wa Keshero
Yangu siyo ya majani, ni ya shimo, na naomba benyeji ba upande wetu mpaka Lac Vert na Mugunga basome polepole.

Niliona ku telefone batu ba Ulaya banachimba shimo ya moto, nzuri, mawe pembeni, nikasema na mie. Nikachagua kona ya chini ya lupango ju pale upepo haifiki. Nikachimba mpaka mu goti. Kesho yake mapema, kama saa kumi na mbili, nikaenda kujaribu. Kiberiti ya kwanza naiteremsha, inazimika. Ya pili, inazimika. Nikasema kiberiti imeloa, nikaleta brike (kiberiti ya gazi), ile moto yake nikiishusha ndani inakufa kama mtu ameipuliza, nikiinua inawaka. Nikapiga magoti niiname nione vizuri. Bibi alikuwa anafagia akaniona, akatupa ufagio akapiga kelele yenye sijawahi kumusikia nayo: «Toka hapo! Mazuku hiyo!» Nilitoka mbio. Mu shimo tulikuta mujusi na mende kama kumi, vyote vimelala mgongo.

Kwa benye si ba Goma: mazuku ni gazi ya kaboni (CO2) yenye inatoka chini ya ardhi huku kwetu karibu na volkano, ni nzito kuliko hewa, inatulia mu mashimo na mabonde, haionekani, na usiku na asubui kama hakuna upepo njo inajaa. Inaua mbuzi, inaua kuku, inaua batu. Na musifanye ile kosa ya kusema «nitajaribu na mushumaa, ikiwaka niko salama». Mushumaa unaweza bado kuwaka na wewe hewa ile inakuangusha tayari. Nilijaza shimo na mawe na bulongo siku ile ile. Upande wetu moto inakaa JUU ya ardhi, pahali pa wazi, basi.

Mwana Himbi
Mjukuu umenitoa jasho. Na mie nilikuwa nataka kuchimba!!

Mama Bustani, Bukavu
Miye niko Ibanda, huku mulima na nyumba za mbao zimebanana, kwa hiyo woga wangu ni cheche. Kuni ya mikaratusi mbichi inalia na kurusha, siitaki tena. Nakaa hatua kumi kutoka nyumba, hakuna tawi ya avoka juu, hakuna kamba ya nguo, hakuna waya ya umeme. Ndoo ya musanga na ndoo ya maji pembeni, na kama upepo ya ziwa inapiga, tunakunywa chai ndani na hakuna mwenye anakufa. Kwa majani mie nayakata na mupanga vipande kama mukate, na mizizi yake, naweka kivulini namwagia maji, moto ikiisha na bulongo ikipoa narudisha. Kesho yake, si kesho kutwa. Mara moja niliyasahau siku tano na yakageuka mufagio.

Lushois wa Baridi
Kwetu L'shi mwezi wa sita na wa saba baridi inaluma na majani yote ni makavu, cheche moja na kipande yote inaenda. Minajenga duara na matofali za kichuguu, na pembeni minafagia mita mbili kusibakie ata jani. Mambo yangu ni majivu: asubui minasema moto ilikufa, minayaacha ku ndoo ya plastiki pembeni ya ukuta. Saa ine ndoo ilishayeyuka, makala chini ya majivu inaishi siku nzima. Sasa minamwaga maji, minakoroga na muti, minamwaga tena, mpaka mukono inavumilia. Na ile mbabula (jiko ya makala) yenye makala nyekundu musiingize mu chumba ya kulala ju ya baridi. Ndugu zangu balifanya, balishituka usiku na kichwa inapasuka na kutapika, bahati mulango haikufungwa vizuri.

Fundi Katindo
Yaya wa Himbi, kwa ile duara: toa majivu yote, mengi inaharibu bulongo. Chimbua hiyo sentimita kumi, changanya na bulongo mupya na samadi ya zamani, panda vipande vya pasparum kila shubiri moja. Mvua ya mwezi wa tisa itafanya kazi.

Mwana Himbi
Leo nimetoa ndoo tatu za majivu na misumari sijui ya mbao gani tulichoma. Mama mdogo amepita akasema nipande na kikwembe pale. Janti, ule sudere wako anakaa avenue gani na miguu tatu aliomba ngapi?