Maji yameharibu nyumba Nyamasaria, nichukue kampuni ama nitafute mafundi mwenyewe?

mama_wa_nyamasaria
Habari zenu wadau, naomba ushauri kabla sijatuma pesa ya watu. Hii mvua ya juzi maji yaliingia kwa nyumba yetu huku Nyamasaria, Kisumu, ni bangalo ya vyumba vitatu, yakafika juu ya soketi za chini na yakalala humo usiku mzima. Matope tumetoa, sakafu tumepiga deki mpaka mikono inauma, lakini kuta ukizishika bado ni baridi na chumba cha watoto nyuma ya kabati ukungu mweusi umeanza, harufu yake hata ufungue madirisha mchana kutwa haiishi. Sasa kuna kampuni ilikuja kuangalia, wako na pikapu na mashine na ovaroli safi, wakanipa kwoti ya karatasi moja imeandikwa tu "kurekebisha nyumba, wayaringi na rangi" halafu jumla ya pesa hapo chini. Wanataka asilimia 70 mbele na wanasema wiki moja nyumba itakuwa mpya kabisa. Mzee anasema wapewe tumalizane na hii maneno, jirani anasema huo ni wizi nitafute fundi wangu. Nimuulize nini huyu mtu wa kampuni? Silingi iko sawa, maji hayakutoka juu.

stima_kondele
Pole sana mama. Mimi ni mtu wa stima kwa hivyo nitaongea ya stima tu, hizo zingine wenye kazi zao watakuja.

Kama meni swichi iko on, izime sasa hivi, usingoje kampuni wala mzee. Maji ya mafuriko yakiingia kwa soketi yanaacha tope na uchafu kwa zile shaba ndani, unaweza kuwasha leo na taa ziwake vizuri tu, halafu baadaye shaba inaliwa pole pole, soketi inaanza kupata moto na kutoa cheche usiku mmelala. Soketi na swichi zilizozama ni za kutupa, hakuna cha kuanika juani. Waya zilizo ndani ya paipu zipimwe na mashine ya kupima insuleshen, si ile bisibisi ya taa kila mtu anatembea nayo mfukoni. Hapo ndio utajua zipi zinabaki na zipi zinavutwa. Na friji na mashine ya kufua zilizoguswa na maji usichomeke mpaka zifunguliwe ziangaliwe.

Sasa swali la kuuliza: nani kwa hiyo kampuni ana leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kawi inayopea mafundi wa stima leseni? Akuonyeshe, na jina liwe la yule atakayeshika kazi, si la mdosi aliye Nairobi. Akimaliza akupe cheti cha kazi kimesainiwa. Akianza kuzungukazunguka hapo, mwambie asante na umfungulie geti.

plasta_nakuru
Hiyo wiki moja ndio imenishtua kuliko hata bei.

Mimi nimefanya hizi kazi upande wa Mwariki huku Nakuru na kule karibu na ziwa, na kitu kinachoua hizi kazi ni haraka ya rangi. Ukuta ukilowa usiku mzima maji hayabaki pale ulipoona alama, yanapanda ndani ya plasta na mawe kwenda juu zaidi, ndio maana tunabandua plasta mpaka kama futi moja juu ya ile laini ya tope. Halafu tunaacha ukuta wazi upumue. Ukuta wa mawe hauwezi kukauka kwa wiki moja, hasa huko kwenu ambako hewa ya ziwa inakuwa nzito usiku, hesabu wiki kadhaa na kama mvua bado inanyesha hata zaidi. Wakipaka juu ya unyevu utaona nyumba nzuri siku ya kulipa, halafu rangi inavimba kama chapati na chumvi nyeupe inatoka. Na wakikuuzia ile rangi ya gloss ya kahawia ya futi nne chini ukutani ati ndio inazuia maji, kataa, hiyo inafungia maji ndani.

Kitu kingine, hayo si maji ya bomba. Huko vyoo vya shimo na septiki vyote vimefurika, kwa hivyo maji yaliyoingia yalikuwa yamebeba kila kitu. Godoro, kapeti, makabati ya MDF (zile bodi za unga wa mbao), bodi yoyote ya jipsam iliyolowa, hivyo ni vya kutupa hata kama roho inauma. Kabati la mbao ngumu unaweza kuliokoa, lioshwe vizuri likaushwe kivulini. Ukungu wa kwa simiti uoshwe kwa sabuni na brashi kwanza, mvae maski na glavu, watoto wakae mbali. Jik (ile blichi) ukiitumia baadaye fungua madirisha, na usiichanganye na dawa ya choo hata kidogo maana inatoa gesi mbaya. Na kuna watu wanawasha jiko la makaa ndani wafunge milango ati nyumba ikauke, hiyo imemaliza familia nzima nzima, tafadhali.

Kampuni ya ukweli inakuja na mita ya unyevu, inapima ukuta mbele yako na kuandika namba kabla na baada. Hawa wa kwako walipima ama waliangalia tu na macho?

ja_nyalenda
Kampuni zote ni zile zile, zinachukua fundi wa hapo Kondele zinamlipa kidogo alafu wewe unalipa mara tatu. Chukua fundi, simama hapo umwangalie. Sisi Nyalenda maji yakiingia tunafagia na maisha yanaendelea.

plasta_nakuru
@ja_nyalenda kwa nyumba ya mabati na sakafu ya simiti sawa, si mbaya. Huyu ako na wayaringi ndani ya kuta na ukungu kwa chumba cha watoto. Fundi mzuri anaweza, lakini ni mafundi watatu tofauti na mtu wa kuwapanga, na huyo wa kuwapanga ndio watu husahau.

bima_kakamega
Kabla hata ya fundi, nyumba ina bima? Kama iko kwa mogeji, yaani mkopo wa nyumba wa benki, kuna uwezekano mkubwa iko nayo na hamjui. Toa hiyo polisi, yaani karatasi ya mkataba wa bima, usome kama mafuriko yameandikwa, kuna zingine zinalipa tangi likipasuka lakini mafuriko ni ya kuongezea. Kama yamo, wapigie leo, usitupe kitu kabla asesa (mtu wa bima wa kukagua hasara) hajaona, na kama lazima utupe kwa sababu ya harufu piga picha kila kitu na ukate kipande cha kapeti uhifadhi. Hiyo kwoti ya mstari mmoja asesa hawezi kuikubali hata, anataka kila chumba, kila kazi na bei yake. Pia uliza kampuni kama imesajiliwa na NCA, ile mamlaka ya ujenzi ya serikali, unaweza kuitafuta mwenyewe kwa tovuti yao.

mama_wa_nyamasaria
Asanteni sana jameni. Hawakupima na mita yoyote, waligonga ukuta na kidole wakasema uko sawa. Nimezima meni. Bima hatuna, mzee amethibitisha. Nimewapigia nikawaambia waandike upya chumba kwa chumba na stima kivyake, wakakasirika kidogo lakini wamesema wataleta. Sasa malipo nipange aje? Na nitajuaje ukuta umekauka kama sina hiyo mita? Halafu kuna ufa mpya kona ya sebule, mdogo.

plasta_nakuru
Malipo: wape ya kuanzia, iwe ya kubandua, kuosha na vifaa vya kwanza tu, na vifaa vikubwa ununue mwenyewe hadiwea risiti iwe na jina lako. Halafu stima ikikubaliwa unalipa, plasta ikikamilika unalipa, na asilimia 10 inabaki kwako mpaka rangi ikae miezi michache. Kwa mjengo hiyo ni kawaida kabisa, mtu wa kazi hawezi kushangaa. Ziandikwe, msainiane, na mutume kwa M-Pesa ndio iwe na rekodi.

Ukuta: chukua karatasi ya nailoni ya wazi kama ukubwa wa gazeti, bandika na selotepu pande zote nne isipitishe hewa, acha mpaka kesho. Ukiona matone ama ukuta umekuwa mweusi nyuma yake, bado. Fanya chini karibu na sakafu, huko ndio hukauka mwisho, na urudie kila chumba.

Ufa usijazwe saa hii. Huko chini ni udongo mweusi wa pamba, ukilowa unavimba na ukikauka unajivuta, kwa hivyo nyumba bado inacheza. Chora mstari na penseli kila mwisho wa ufa uandike tarehe. Ukipita ile mistari, ama mlango uanze kukwama, hapo achana na sisi watu wa plasta utafute injinia aliyesajiliwa aangalie msingi.

stima_kondele
Na hao wa kampuni wakileta kwoti mpya iweke hapa bila jina lao, tuangalie hiyo sehemu ya wayaringi pamoja.

mama_wa_nyamasaria
Sawa, wamesema Jumatatu. Nikipata naipiga picha naweka.