Mrejesho: chanjo ya mafua kwa mama anayekwenda Hija

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Niliuliza kama mama yangu, miaka 60 na ushei na ana kisukari, achanjwe chanjo ya mafua kabla ya Hija. Ameshachanjwa.

Ile ya homa ya uti wa mgongo haikuwa na mjadala: Saudia wanaitaka kwa lazima, tena ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Ubishi ulikuwa kwenye hii ya mafua. Mashoga zake walishamjaza kwamba sindano ndiyo inayoleta mafua yenyewe. Daktari alimweleza taratibu kwamba virusi vya kwenye sindano vimeshauawa, haviwezi kumwambukiza. Uchovu wa siku moja mbili ni mwili unajenga kinga. Kilichomgeuza hasa ni sukari. Mafua makali huipandisha, na mwenye kisukari hupata nimonia kwa urahisi zaidi. Hapo akanyamaza, na mama yangu si mtu wa kunyamaza.

Mliosema aliwahi kuchanjwa zamani: haitoshi. Virusi hubadilika, na mara mbili kwa mwaka WHO (Shirika la Afya Duniani) hupendekeza chanjo itengenezwe kwa virusi vipi. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, msingoje wiki ya safari.

Mkono ulimuuma, akalala mapema, basi. Barakoa atavaa vilevile, maana chanjo haizuii kila kitu na kule Mina, kwenye mahema ya mahujaji, watu hulala wamebanana. Aliyeuliza kuhusu insulini kwenye ndege: mama hatumii, yuko kwenye vidonge.