Waandaaji wa safari za Zanzibar, siku ya kwanza mnayotuuzia haipo

Wakuu,

Nawaongelea waandaaji wa safari za makundi za Dar kwenda Zanzibar, wale wa "Siku 3, usiku 2, njoo na marafiki zako". Watu wanajichanga, wanatuma kidogo kidogo kwa simu, wanaomba ruhusa kazini. Halafu Ijumaa yote inaishia kwenye foleni bandarini, kwenye makochi ya mapokezi ya hoteli na kwenye ufukwe uliokauka. Jua linazama hakuna aliyelowa hata unyayo, na mwandaaji anatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba leo ilikuwa ya kusafiri, raha inaanza kesho. Kama raha inaanza kesho, basi mmeuza siku mbili kwa bei ya tatu. Huo ni wizi, na neno hilo naliandika nikilimaanisha.

Msijifiche nyuma ya "safari ni safari". Boti ziendazo kasi zinatumia kama saa mbili kutoka Dar hadi Unguja. Boti ya kwanza kwa kawaida inaondoka saa moja asubuhi. Saa tatu mko bandarini Malindi, Unguja, na mchana wote uko mbele yenu. Ukipotea, ujue kuna mtu hakufanya kazi yake.

Uzembe unaanzia kwenye tiketi. Mwandaaji anakusanya michango mpaka usiku wa kuamkia safari, asubuhi ndiyo anakimbilia dirishani. Wikiendi na sikukuu boti ya kwanza huwa imeshajaa, kwa hiyo kundi la watu ishirini linagawanywa: wanane wanaondoka, kumi na wawili wanakaa juani Sokoine Drive wakisubiri boti ya mchana. Hapo ndipo vishoka wanawapata. Kishoka anakuambia tiketi zimeisha dirishani ila yeye anazo, unampa hela, unapewa karatasi yenye jina la mtu mwingine, unarudishwa getini. Tiketi ina jina, na jina lilingane na kitambulisho. Nimeona orodha za abiria zilizonakiliwa kutoka WhatsApp zikiwa na "Mama Junia" na "Baby Boy". Mtu wa getini afanye nini na Baby Boy?

Kazi yenyewe ni ndogo. Siku tano kabla, funga orodha: majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au pasipoti, uraia, na umri wa kila mtoto kwa sababu nauli ya mtoto ni tofauti. Nunua tiketi zote pamoja kwenye ofisi ya kampuni au kwenye tovuti yake. Asiyelipa mpaka hapo habebwi, na asiwacheleweshe waliolipa. Kama kuna rafiki raia wa nje, nauli yake ni tofauti, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44, inayolipiwa mtandaoni kabla ya kufika. Mnamwachia agundue akiwa Malindi mbele ya afisa, huku wenzake kumi na tisa wamesimama na mabegi wakimsubiri. Mlikuwa na namba yake ya simu wiki nzima!

Muda wa kufika bandarini ni saa kumi na mbili asubuhi, kitambulisho kikiwa mkononi. Kikiwa chini ya nguo ndani ya begi, mtu analifungua begi lote mbele ya foleni. Anayetoka Bunju au Chanika aambiwe tangu jana yake aondoke nyumbani saa ngapi. Mpagazi unapatana naye bei kabla hajagusa begi.

Kuhusu kutapika niwe mfupi. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa kusi unavuma na boti inarushwa. Dawa ya kichefuchefu inamezwa nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka. Ukiimeza mkiwa katikati ya bahari unaitapika. Kaeni sitaha ya chini, katikati au nyuma, mbele ndiko kunakorusha zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mawimbi yanayozidi mita 2, wajulisheni watu jioni ile ile, na muwe mmeshawaambia pesa yao itakuwaje boti ikisitishwa.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kuliko yote: maji. Unapeleka watu baharini na hujui bahari inajaa saa ngapi na inakupwa saa ngapi. Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kama mita moja tu. Na bamvua la huku kwetu lina saa zake: maji yanakauka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yanajaa saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni. Wavuvi wa Feri na Kunduchi wanalijua hilo kwa kuhesabu tu tarehe za mwezi mwandamo.

Chukua Idi el-Fitri, msimu wenu mkubwa wa kuuza. Idi ni mosi Mfunguo Mosi, mwezi umeandama jana yake, kwa hiyo siku zile zote ni za bamvua, mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wowote. Na kila Idi mnafanya kile kile: watu wanashuka Malindi saa tatu, mnawapakia kwenye gari moja kwa moja hadi Paje au Jambiani, kama kilomita 50, mnafika saa tano. Saa tano! Bahari imerudi mpaka karibu na mwamba, mbele yenu kuna mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani. Wanawake wa kijiji wako kazini, wameinama kwenye vijiti na kamba zao, hizo ndizo saa walizonazo za kufunga na kuvuna. Kundi lenu linakatiza katikati ya kamba kutafuta maji ya kupigia picha, linang'oa vijiti, linakanyaga mwani ambao mtu ameulea kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyewaambia wazunguke. Kisha saa nane, maji yakiwa yanarudi, mnawabeba watu kwenda shamba la viungo, mnawarudisha jua likizama. Maji yalijaa na kuondoka bila ninyi.

Ratiba ya siku hiyo inajipanga yenyewe ukiujua mwezi. Nakupenda ni fungu la mchanga, linaonekana maji yakipwa na linafunikwa yakijaa. Mashua zake zinaondokea Forodhani, mwendo mfupi tu kwa mguu kutoka bandarini. Kwa hiyo siku ya bamvua mkishuka saa tatu, mabegi yanabaki kwenye gari na dereva mliyekwisha kumlipa advansi, saa tatu na nusu mko kwenye mashua. Mnaogelea pembeni ya fungu saa nne na saa tano wakati limetandaa, mnapita kisiwa cha Changuu kuwaona kobe, saa saba mmerudi mjini, mnakula, mnapanda gari. Paje mnafika kama saa tisa, vyumba viko tayari na bahari imekuja mpaka kwenye minazi. Mnaoga mpaka jua linazama. Hiyo ni siku nzima ya likizo, na haikuongeza hata shilingi. Ninyi Nakupenda mnaiweka siku ya mwisho saa tisa alasiri, watu wanazungushwa juu ya maji wakionyeshwa mahali fungu lilipo.

Idi el-Haji ni tofauti, maana tarehe 10 Mfunguo Tatu iko kwenye maji mafu. Bahari ya mashariki haikimbii mbali, ila fungu nalo halitandai sana. Kundi likitaka kuoga saa yoyote bila kuulizia mwezi, lipelekeni Nungwi au Kendwa, huko maji hayaendi mbali. Ni kama kilomita 60 kutoka mjini, hesabuni zaidi ya saa moja njiani. Na popote penye mwamba watu wavae yeboyebo, kuna viumbe vya miiba mirefu mieusi, na mwiba ukikatikia kwenye kisigino safari ya mtu huyo imeishia hapo.

La mashua nalo nalisema kwa uchungu. Meli ya abiria MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja, karibu na Chumbe, na watu wengi walikufa. Baada ya hapo bado kuna mwandaaji anayepakia watu ishirini kwenye mashua yenye majaketi nane, tena yamerundikwa chini ya benchi na kamba zimefungwa mafundo. Hesabuni majaketi mkiwa bado mchangani. Kila mtu avae lake na kulifunga kabla ya injini kuwashwa. Yakipungua, gawanyeni kundi safari mbili au tafuteni mashua nyingine. Mwandaaji akisema "ni hapo tu", shukeni.

Gari. Hiace ya watu 14 ikijaa watu 14 haina pa kuweka mabegi. Mabegi yanaishia mapajani na njiani, na safari ya saa moja inakuwa adhabu. Hiace moja ni watu kumi na mizigo yao. Mkizidi hapo chukueni Coaster. Dereva awe na namba ya boti mnayopanda na apigiwe mnapoondoka Dar. Kumtafuta mkiwa mmeshashuka kunakula dakika arobaini.

Hoteli nyingi zinapokea wageni saa nane mchana, na hilo si siri. Mkifika saa tano mtakaa mapokezi, na kosa si la hoteli. Pigeni simu siku mbili kabla, ombeni mabegi yahifadhiwe na chumba kimoja kifunguliwe mapema kwa ajili ya kuoga na kubadilisha nguo, hata kwa kulipia nusu siku. Chakula hivyo hivyo. Mgahawa wa ufukweni wenye majiko mawili ukipokea oda ishirini za pweza wa nazi na samaki wa kupaka kwa pamoja utachukua saa mbili, na wapishi hawana hatia. Oda inatumwa jana yake, aina mbili au tatu tu za chakula, idadi kamili, na saa ya kula. Mkienda mwezi wa Ramadhani, waambieni watu mapema kwamba mchana hakuna kula hadharani mjini, wajipange.

Na wale wa Bongoyo na Mbudya, visiwa vya hapa Dar, msidhani mmesalimika. Visiwa vile ni maeneo tengefu tangu 1975, kiingilio chake kinajulikana, na bado mnatangaza "kila kitu kimejumuishwa" halafu mkifika mnaanza kuchangisha kiingilio mchangani. Bongoyo haina maji yasiyo ya chumvi, mnapeleka watu thelathini na katoni mbili za maji.

Anayeandaa safari ya mwisho wa mwezi huu aandike hapa chini: boti ya saa ngapi na kama tiketi zimeshalipwa kwa majina, gari la viti vingapi kwa watu wangapi, jina la hoteli na saa ya kupewa vyumba, maji yanakupwa saa ngapi siku ya kwanza, na mashua ina majaketi mangapi. Mkiwa bado hamna majibu ya hayo matano, msipokee hela ya mtu.