Re: Naishi Maryland, kazi iko Virginia, nikate kadi ngapi?

> Wakubwa shikamooni. Naondoka Arusha mwezi ujao, nimepata chumba Silver Spring kwa binamu, kazi iko Rosslyn. Kwenye ramani naona kila asubuhi nitapita Maryland, niingie DC, nitokee Virginia. Je kadi ni tatu? Na basi likinizingua nalalamika kwa nani, maana huku ukiwa na shida na kosta unajua ni LATRA tu, wale wasimamizi wa usafiri.

Marahaba mdogo wangu, karibu. Nakuandikia kutoka Moshi, nimekuja kumuuguza mama, na swali lako limenikuta nalifikiria kabisa. Juzi natoka Arusha na kosta, tulipofika njia panda ya KIA konda akaanza kudai buku juu ya nauli, mama mmoja siti ya mbele akagonga kile kikaratasi cha nauli kilichobandikwa kwenye kioo, akasema napiga LATRA sasa ivi, na konda akarudisha chenji za watu kimya kimya. Umeona eeh, tumevuka mikoa miwili lakini mwenye rungu ni mmoja, kwa sababu mikoa yote iko chini ya serikali moja. Kule sivyo. Maryland ni jimbo lenye bunge lake na kodi yake, Virginia hivyo hivyo, DC, yani mji mkuu Washington, nayo ina baraza lake, na hakuna anayemwamuru mwenzake.

Kadi ni moja, usiwe na hofu. Inaitwa SmarTrip, au unaiweka kwenye simu. Unapanda treni ya Red Line pale Silver Spring, kituo kinachofuata Takoma tayari uko DC na wala hutaona bango, unashuka Metro Center unachukua treni ya njia ya Blue, Orange au Silver, inapita chini ya mto Potomac na unaibukia Rosslyn. Gonga kadi ukiingia na ukitoka, ukisahau kugonga ukitoka imekula kwako.

Sasa kwanini kadi moja inafanya kazi kote? Ni kwa sababu ya mkataba. Hao watatu walikubaliana miaka ya 60, Bunge la Marekani likaridhia 1966, mwaka uliofuata ikazaliwa WMATA, mamlaka ya pamoja ya usafiri, ndo hiyo watu wanaiita Metro, na treni ya kwanza ikabeba abiria 1976. Bodi yake ina wajumbe kutoka Maryland, Virginia, DC na serikali kuu, kila upande kura mbili, ila hapa ndo penyewe: maamuzi makubwa hayapiti bila angalau kura moja ya Maryland, moja ya Virginia na moja ya DC. Yani mmoja akigoma wote mmekwama. Kubadili neno moja kwenye mkataba lazima mabunge yote yapitishe maneno yale yale halafu na Bunge la Marekani likubali. Ndo maana mambo yanakwenda taratibu, sio kwamba watu wamelala.

Na ucheleweshaji huo umegharimu roho za watu, hili naomba ulishike. Tarehe 22 Juni 2009 treni mbili za Red Line, njia yako hiyo hiyo utakayopita, ziligongana karibu na Fort Totten wakafa watu 9. Usalama ulikuwa unasimamiwa na kamati ya hao watatu ambayo haikuwa na meno, inaandika barua tu. Januari 2015 moshi ukajaa kwenye handaki karibu na L'Enfant Plaza, mama mmoja akafariki, mwaka huo huo serikali kuu ikachukua usimamizi. Ndo hao watatu wakaunda tume huru ya usalama yenye sheria, ikakabidhiwa kazi Machi 2019. Na hiyo ina meno kweli, Oktoba 2021 behewa lilipoacha reli iliamuru mabehewa yote 748 ya aina ile yatolewe njiani, zaidi ya nusu ya yote waliyonayo. Watu walisubiri sana vituoni miezi ile lakini mimi nilishukuru.

Kulalamika: angalia ubavu wa basi kwanza! Metrobus ni la WMATA. Ride On ni la kaunti ya Montgomery, siku hizi halina nauli. Upande wa Rosslyn utakuta ART, hilo ni la kaunti ya Arlington, Virginia. Mwaka wangu wa kwanza basi liliniacha kwenye theluji nikapiga simu ofisi moja nikaambiwa hilo sio letu, nikapiga ya pili nao wakanirudisha kule kule, nimesimama vidole vimekufa ganzi. Tangu siku hiyo napiga picha namba ya basi kabla sijapanda.

> Nyongeza kutoka Arlington: dada amesema yote, ila MARC na VRE, zile treni za abiria za Maryland na Virginia ambazo sio Metro, hazipokei SmarTrip, zina tiketi zake. MARC inasimama pale pale Silver Spring kwaiyo wageni wengi wanachanganya.

Asante kaka, hilo nililisahau. Jingine mdogo wangu, wakiitisha kikao cha kusikiliza wananchi kuhusu bajeti au njia za mabasi, nenda, hata uraia hawakuulizi. Metro ilikaa miaka na miaka bila fungu lake la uhakika, kila mwaka inabisha hodi kwa watatu wale, mpaka 2018 ndo wakakubaliana kuchanga dola milioni 500 kwa mwaka kwa ajili ya ukarabati na vifaa, na hela ya kuendeshea bado ni ya kuomba. Fungu likipungua basi la kwanza kukatwa ni la usiku, na la usiku ndo tunapanda sisi tunaotoka shifti. Nimesimama mara mbili kuongea, dakika mbili tatu zinatosha.

Ukishanunua kadi isajili kwa jina lako siku hiyo hiyo, ikipotea salio linarudi. Mimi narudi Silver Spring mama akipata nafuu, nitafute.