Naomba ushauri: ratiba ya Ushirika Mtakatifu, makanisa matano, kasisi mmoja

Wapendwa, parokia yetu ya vijijini ina makanisa matano na kasisi mmoja, anayemudu ibada mbili kila Jumapili, saa 3 na saa 5. Kwa mzunguko wa wiki tano kila kanisa hupata Ushirika Mtakatifu mara mbili. Jumapili nyingine walei (waumini wasio makasisi) huongoza Sala ya Asubuhi. Tatizo, mzunguko huo hauendi na mwezi: waumini, hasa wazee, huja wakitarajia Ushirika wakaukosa, na inauma. Tukifuata Jumapili za mwezi, ya kwanza hadi ya nne, nafasi ni nane tu, hivyo makanisa mawili yatapata mara moja. Jumapili ya tano ningependa iwe ibada ya pamoja. Mnaopanga ratiba, mnagawaje nafasi hizo nane kwa haki?