Kubadilisha madirisha ya mbao, Ilboru: alumini ya slaidi, ya kufungua nje, au nirudishie mbao?

Mkaazi_Ilboru

Wakuu, habari za jioni. Nyumba iko Ilboru, Arusha, ya tofali za simenti za inchi 5, na ina madirisha yaleyale ya mbao tangu ijengwe. Fremu zimeoza upande wa chini. Kiangazi vumbi linaingia hata kama yamefungwa, masika maji yanachirizika ndani kwenye ukuta wa mashariki. Madirisha ni 9: sita ya futi 5 kwa 4, mawili ya futi 4 kwa 4, na la choo futi 2 kwa 2. Nondo zimepitishwa kwenye fremu za mbao zenyewe, hazijashikwa na ukuta.

Wamekuja mafundi wawili. Mmoja anataka alumini ya slaidi (ya kusukuma pembeni kwenye reli) na kioo cha rangi cha mm 5, bei kwa dirisha. Wa pili anasema slaidi ni hasara, niweke ya kufungua nje, na bei yake ni kwa mita ya mraba. Nichague lipi, kioo gani, na nimbane fundi kwenye mambo yapi kabla sijatoa malipo ya awali? Na kioo maradufu (vioo viwili vyenye hewa katikati) kinasaidia kwa baridi yetu ya Juni na Julai?

Fundi_Kijenge

Mkuu, kabla ya kioo anza na nondo. Kwa kuwa ziko ndani ya fremu, siku fremu ikitoka nyumba inabaki wazi. Fundi wa kuchomelea ndiye anayetangulia. Grili zote zikamilike na zipakwe rangi ya kuzuia kutu zikiwa bado chini, ndipo mng'oe dirisha moja moja na kulifunga siku hiyohiyo. Nondo ziwe za mm 12, nafasi kati yake isizidi sentimita 12. Kila upande wa grili uwe na masikio mawili yanayoingia ukutani sentimita 7 au zaidi, yashindiliwe kwa simenti. Masikio yaliyogongewa kwenye plasta tu yanang'oka na mtaimbo mmoja. Chumba kimoja cha kulala angalau kiwe na grili ya kufunguka yenye kufuli la ndani, na ufunguo ukae palepale mahali anapoufikia hata mtoto. Moto ukianzia sebuleni, hiyo ndiyo njia yenu ya kutokea.

Aina ya dirisha inaamua grili ikae wapi. Dirisha la kufungua nje linataka grili ndani, na matundu yake yaruhusu mkono kufikia kishikio. La slaidi linakubali grili ndani au nje, ila ikiwa ndani iache umbali wa sentimita 5 au zaidi toka kwenye alumini. Jani la slaidi hutolewa kwa kulinyanyua juu kisha kulivutia ndani, na grili ikibana hapo hutaweza kulitoa kulisafisha wala kubadilisha rola (vigurudumu vyake vya chini). Hili watu huligundua rola zikishakufa.

Vipimo vichukuliwe kwenye tundu la ukuta, siyo kwenye fremu ya zamani. Upana mara tatu: juu, katikati, chini. Urefu mara tatu vilevile. Chukua kilicho kidogo kuliko vyote, toa mm 10, hicho ndicho kipimo cha fremu mpya, kwa hiyo inabaki mm 5 kila upande. Halafu pima pembe kwa pembe mara mbili. Tofauti ikizidi mm 10 tundu limepinda, lirekebishwe kwa plasta kwanza. Fundi anayekata alumini yote kwa "futi 5 kwa 4" bila kupima kila tundu atakuja kuziba mapengo ya sentimita 3 kwa silikoni, na silikoni si plasta.

Kuhusu bei, zigeuze zote ziwe za mita ya mraba. Futi 5 kwa 4 ni mita za mraba 1.86, futi 4 kwa 4 ni 1.49, la choo 0.37. Jumla yako ni takribani 14.5. Kisha muulize kila mmoja bei yake ina nini ndani: wavu, silikoni, kung'oa ya zamani, kurudishia plasta, usafiri. Anayetaja bei kwa dirisha mara nyingi ameacha mawili au matatu kati ya hayo.

PasuaMoshi

Mkaazi, maji yako ya ukuta wa mashariki hayataisha kwa kuweka alumini tu. Dirisha la slaidi limeumbwa likijua maji yataingia kwenye reli ya chini, maana kati ya majani na fremu kuna brashi (utepe wa manyoya), na brashi haizuii mvua inayosukumwa na upepo. Kazi ya reli ni kuyapokea na kuyatoa nje kupitia matundu. Matundu yasipokuwepo reli inajaa, maji yanaruka ukingo wa ndani, yanakukuta sebuleni.

Kwa hiyo siku ya kufunga piga magoti, angalia uso wa nje wa reli ya chini. Dirisha lako la futi 5 litobolewe matundu mawili yenye umbo la mfereji, kila moja urefu wa mm 25 hadi 30 na kimo cha mm 5, sentimita 10 hadi 15 toka kila kona. Reli ya ndani nayo iwe na njia ya kupeleka maji reli ya nje. Kosa ninaloliona Moshi na Arusha ni lilelile: fundi anatoboa vizuri, kisha anapiga silikoni chini ya fremu kwa nje na kuyaziba matundu yake mwenyewe. Mpimie palepale. Mimina lita moja ya maji polepole kwenye reli, yote yatoke nje ndani ya dakika moja au mbili. Yakisimama, hajamaliza kazi.

La pili ni skrubu. Fremu ishikwe pembeni na juu: ya kwanza isizidi sentimita 15 toka kona, zinazofuata zisiachane zaidi ya sentimita 60. Skrubu ikipita katikati ya reli ya chini umetengeneza bomba la kupeleka maji kwenye tofali. Ukuta unalowa kwa ndani, rangi inavimba chini ya dirisha, watu wanalaumu msingi. Na skrubu zisiwe za chuma tupu, kwa sababu chuma kikigusana na alumini penye unyevu alumini inaliwa. Tumia za kutoshika kutu, na fisha (plagi za plastiki za ukutani) za mm 8.

La tatu ni kizingiti cha chini kwa nje. Zamani wengi walikipiga plasta bapa kabisa, au kikalala kuelekea ndani. Kivunjwe, kijengwe upya kwa ndoo 1 ya simenti na ndoo 4 za mchanga, kishuke nje kama sentimita 1 kwa kila sentimita 10, kitokeze mbele ya ukuta sentimita 4 au 5. Chini ya ukingo wake ikatwe mfereji mdogo kwa grenda. Bila mfereji huo maji hugeuka, yanafuata tumbo la kizingiti na kurudi ukutani. Kwa ukuta wako wa mashariki hapa ndipo penye ugonjwa, na ningetumia pesa hapa kabla ya kuongeza unene wa kioo.

Halafu simenti mbichi inaichoma alumini, inaacha mabaka meupe yasiyofutika. Plasta yote iishe na ikauke ndipo fremu ije. Kama lazima urudishie plasta baadaye, fremu ivalishwe nailoni na gundi ya karatasi.

Vioo_na_Alumini

Naongezea upande wa kioo. Kioo cha mm 1 kwa mita moja ya mraba kina uzito wa kilo 2.5, kwa hiyo mm 5 ni kilo 12.5. Jani moja la slaidi la dirisha lako la futi 5 kwa 4 lina kioo cha karibu kilo 11 na nusu, bado alumini. Rola za plastiki laini zikibeba uzito huo zinapata ubapa, jani linakwaruza reli, wewe unasukuma kwa nguvu, kishikio kinakatika. Dai rola zenye beringi, tena zenye skrubu ya kurekebishia kimo.

Alumini yenyewe iulize unene wa ukuta wake: mm 1.2 au zaidi. Beba kaliba ukapime kipande, kwa macho huwezi kujua. Nyembamba inajipinda katikati ya reli ya juu na jani linaanza kutoka lenyewe.

Kioo maradufu: kwa nyumba ya makazi Arusha siipendekezi. Ni kweli kinapunguza joto linalotoroka kwa karibu nusu ukilinganisha na kioo kimoja, lakini baridi yetu ni ya wiki chache, na sehemu kubwa inapita kwenye mapengo, siyo kwenye kioo. Mapazia mazito na raba nzuri vitakufikisha karibu na pale kwa gharama ndogo. Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kioo maradufu kilichofungwa Dar es Salaam kina hewa ya usawa wa bahari ndani yake. Ukikipandisha Arusha, mita 1,400 hivi, hewa ya nje ina mgandamizo pungufu kwa takribani asilimia 15, hivyo vioo vinavimba nje na gundi ya pembeni inavutwa muda wote. Ikiachia, unyevu unaingia katikati na ukungu huo haufutiki. Anayekitaka kwa lazima, kwa mfano kwa ajili ya kelele za barabara kuu, aagize kilichofungwa kwa kuzingatia mwinuko. Au achukue kioo cha tabaka mbili zenye utando katikati, cha mm 6.38: kwa kelele kinasaidia, na kikivunjwa hakimwagiki.

Rangi ya kioo: cheupe cha mm 5 kinapitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua, cha rangi ya shaba takribani 60. Ilboru kuna miti na ubaridi, kwa hiyo rangi iweke upande wa magharibi tu, kwingine weka cheupe upate mwanga na joto la asubuhi. Moshi mjini hesabu ni tofauti, huko Januari na Februari utaishukuru rangi mashariki na magharibi. Usibandike stika ya kuakisi juu ya kioo cha rangi. Kinanyonya joto kupita kiasi, na nusu yake ikiwa kivulini kinapasuka chenyewe kutokea ukingoni. Cha kuakisi kinachoitwa "wan-wei" kinakuficha mchana tu. Usiku ukiwasha taa anayeonekana ni wewe.

Chooni weka kioo chenye maua. Kioo chochote kinachoanzia chini ya sentimita 80 toka sakafuni kiwe cha usalama. Kile cha usalama kilichochomwa kiwandani ili kiwe kigumu hakikatiki tena, kwa hiyo kipimo kikikosewa umenunua meza.

Rau_Madukani

Mbona mnaizika mbao mapema hivyo? Fremu ya mninga au mkongo uliokauka sawasawa, ikipigwa dawa upande wa ukutani na kupakwa vanishi kila baada ya miaka michache, inaishi. Zinazooza ni zile za mbao laini zilizonunuliwa mbichi masika. Kiangazi zinasinyaa, mwanya unafunguka, maji yanakaa humo. Asubuhi za Julai alumini inatoa jasho kwa sababu inapitisha baridi haraka, mbao haitoi.

Nakubali ukipiga hesabu ya fundi na mbao kavu alumini inakuwa nafuu. Lakini slaidi nitaipinga: dirisha la futi 5 kwa 4 linafunguka nusu tu, mita za mraba 0.93, ukitoa nondo na wavu hewa inabaki kidogo. La kufungua nje linafunguka lote, na likifungwa raba inabanwa pande zote nne, ndiyo maana linazuia vumbi kuliko brashi. Fundi wako wa pili ana hoja. Lakini hakikisha lina mkono wa kulizuia wakati wa upepo, la sivyo litajipiga ukutani mpaka livunjike.

Tena msizibe matundu ya hewa ya juu ya linta kwa ajili ya baridi. Madirisha ya zamani yalikuwa yanavuja, yakawaokoa watu wenye jiko la mkaa ndani bila wao kujua. Haya mapya hayavuji. Jiko la mkaa chumbani na dirisha la alumini lililofungwa ni kifo, na ile hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha.

Mkaazi_Ilboru

Nashukuru sana wote. Naelekea kwenye ya kufungua nje kwa vyumba na ukuta wa mashariki, slaidi sebuleni kwa sababu nje ni kibarazani, watu wanapita. Bado: wavu unakaaje kwenye la kufungua nje? Na silikoni ninunue mwenyewe, tyubu ngapi?

Fundi_Kijenge

Umechagua vizuri, kibarazani jani la kufungua nje lingegonga watu vichwa. Na pale penye paa la kibaraza mvua haifiki, slaidi haitakusumbua.

Wavu kwa la kufungua nje unakaa ndani, kwenye fremu nyepesi ya kutelezesha au ya bawaba, upande wa chumbani kabla ya grili. Mwambie fundi mapema, maana fremu kubwa inabidi iwe na nafasi yake. Matundu yawe mm 1.2 hadi 1.5. Wavu wa kofi-trei (ule wa chuma wenye matundu makubwa) ni wa ulinzi, mbu anapita.

Silikoni nunua mwenyewe, na iwe isiyo na harufu ya siki. Ile yenye siki haishiki vizuri kwenye simenti na inakula chuma. Mzunguko wa madirisha yako yote ni mita 45. Ndani na nje ni 90. Tyubu ya ml 280 kwa mstari wa mm 5 kwa 5 inatoa mita 11, kwa hiyo tyubu 9, chukua 10. Ukuta ufutwe vumbi kwa brashi kavu kwanza, la sivyo silikoni inashika vumbi badala ya ukuta na ndani ya mwaka inabanduka kama utepe.

Malipo: awali yatoshe kununua alumini na kioo, tena ukaione dukani ikikatwa. Sehemu ya mwisho iachie mpaka ile lita ya maji ya PasuaMoshi imwagwe kwenye kila dirisha.