Miaka 5 nalala kwenu Lubumbashi, leo naambiwa "batu ya kulala beko mingi", yaani watu wa kulala wapo wengi?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nimerudi Kolwezi jana na hasira haijashuka. Jina la hoteli sitaliandika. Iko katikati ya mji.

Kila mwezi nakuja huko kufuatilia mizigo inayoingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nalala siku mbili, dola 60 kwa usiku, hoteli ileile miaka 5. Pigeni hesabu: dola 1,440 kwa mwaka, na bukari niliyokula hapo sijaitia, wala wageni niliowapeleka.

Safari hii nilituma pesa yote wiki moja kabla, nikajibiwa chumba kipo. Nafika saa mbili usiku, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, naambiwa chumba changu kina mtu. Wakanipeleka nyuma, dirisha linatazamana na jenereta. Saa nne umeme ukakatika, jenereta ikawaka, moshi wa mazutu ukaingia mpaka kwenye shuka. Bomba kavu. Ndoo ikaletwa nusu.

Mimi ni mtu wa Katanga, giza na ndoo vimenilea, siyo vilivyonichoma. Kilichonichoma ni yule kijana wa mapokezi. Nimesimama mbele yake, yeye macho kwenye simu: "Papa, ni SNEL ile, shiye tutafanya namna gani?" Kwani SNEL, shirika la umeme, ndiyo iliyotoa chumba changu kwa mtu mwingine?

Asubuhi nikamwomba patroni anirudishie pesa ya usiku ule mmoja. Akanijibu bila hata kunikaribisha kiti: "Batu ya kulala beko mingi, papa." Dola 60! Kwa dola 60 amefukuza 1,440 za kila mwaka. Halafu wakati wa kulipa chakula, noti yangu ya dola 20 ikakataliwa, eti imechanika pembeni, mchaniko mdogo kama ukucha. Wao chenji walinipa franga zilizochakaa mpaka zinanuka.

Binti yangu anasomea mambo ya hoteli. Ameniambia kuna kipimo kinaitwa SERVQUAL, kilichotolewa mwaka 1988 na Parasuraman, Zeithaml na Berry. Kina mambo 5: kutimiza ulichoahidi, kumshughulikia mteja upesi, kumpa imani, kumjali, na mwisho vile vinavyoonekana kwa macho. Patroni huyu amemwaga vigae vipya sebuleni na kutundika televisheni kubwa kama mlango. Hayo mengine manne ameyaweka wapi?

Na mjue kilichonifunga pale miaka yote hiyo siyo jengo. Alikuwepo mama mmoja wa mapokezi. Usiku mmoja wa 2022 maji yalikatika vilevile. Kabla sijafungua mdomo alibisha hodi na ndoo mbili za maji ya moto, akaomba msamaha, na asubuhi nikakuta amepunguza dola 10 kwenye faktura bila mimi kuomba. Tangu siku hiyo sikuulizia hoteli nyingine, na kila dereva wa kwetu aliyeniuliza pa kulala nilimtuma kwake.

Mwaka huu wamemwacha akaondoka. Anayejua ni hoteli gani ya Lubumbashi imemchukua, aniandikie jina la hoteli tu. Mwezi ujao nakuja na wenzangu wanne, tutalala hapo.